Nikipima sampuli moja mara tatu, napata majibu matatu. Mkono wangu una nini?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Dar es Salaam, nasomea biolojia. Kidato cha sita nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) kwenye shule moja ya mkoani, na kule kwenye titresheni darasa zima lilikuwa linaniamini. Pipeti ya kioo na bureti nazijua vizuri. Lile tone moja linalobadilisha rangi nilikuwa nalikamata.

Huku tumekutana na mikropipeti, zile pipeti za kitufe zinazopima kwa maikrolita, yaani sehemu ya elfu ya mililita. Tuko sita kwenye meza moja na pipeti tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Kuna kaka mmoja aliwahi kufanya kazi kwenye maabara kabla ya kuja chuo, basi kila kipindi ni yeye anayeshika. Sisi wengine tunaandika namba, tunapanga vichupa na kutazama saa. Wiki iliyopita hakuja, zamu ikaniangukia mimi. Tulikuwa tunapima protini kwa ile rangi inayogeuka buluu, maikrolita 20 za sampuli kwa kila kipimo, mara tatu tatu. Sampuli ile ile, kutoka kichupa kile kile, spektrofotomita, ile mashine inayosoma ukali wa rangi, ikanipa 0.31, 0.44 na 0.27. Mwalimu msaidizi akaitazama karatasi yetu, akauliza, "Hizi ni sampuli tatu tofauti?" Meza nzima ikacheka.

Ninavyofanya ni hivi. Naweka namba, navalisha tipu (kile kincha cha plastiki cha mbele), nabonyeza kitufe mpaka mwisho kabisa, natumbukiza tipu hadi chini ya kichupa nisije nikanyonya hewa, halafu naachia. Naachia haraka kwa sababu watu wanasubiri. Nikishahamia kichupa kingine nabonyeza, na mara nyingine kuna tone linabaki. Shuleni tulifundishwa tone la mwisho la pipeti ya kioo halipulizwi, kwa hiyo naliacha. Lakini likiwa kubwa roho inanisuta, nabonyeza tena mpaka litoke.

Mtihani wa vitendo ni mwezi ujao na kila mtu atashika pipeti peke yake. Mkono unatetemeka hata nikiufikiria tu. Mwenzangu mmoja ameniambia kuna watu wana mkono mzito, kazi hizi haziwafai, na mimi nimeanza kuwaza kuhamia kozi isiyo na maabara. Au pipeti yenyewe ndiyo mbovu? Nimeona mtandaoni zinauzwa. Ninunue yangu nifanyie mazoezi hosteli?

Mkono Mzito, Mabibo

JIBU

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuandika hatua zako moja baada ya nyingine. Wengi hunitumia mstari mmoja, "majibu yangu hayaji", na mimi si mpiga ramli. Wewe umeleta ushahidi, na kwa ushahidi huo sioni mkono mzito popote. Naona njia mbili za kupima, zote mbili halali, umezichanganya ndani ya kazi moja.

Kitufe cha mikropipeti kina vituo viwili. Ukibonyeza taratibu utafika mahali kidole gumba kinakutana na ukinzani. Hicho ni kituo cha kwanza, na kutoka juu mpaka hapo ndipo ulipo ujazo uliouweka kwenye dirisha la namba. Ukiongeza nguvu kitufe kinashuka tena kidogo mpaka kituo cha pili. Ile sehemu ya chini ni ya ziada, imewekwa ili kusukuma nje kimiminika kinachobaki kwenye tipu.

Njia ya kawaida inakwenda hivi: unabonyeza mpaka kituo cha kwanza ukiwa bado nje ya kimiminika, unaingiza tipu, unaachia polepole, unatoa. Kwenye kichupa cha pili unabonyeza mpaka kituo cha kwanza, unasubiri kidogo, kisha unamalizia mpaka cha pili na kila kitu kinatoka. Njia ya kinyume huanza na kituo cha pili: unanyonya pamoja na ile ziada, halafu wakati wa kutoa unaishia kituo cha kwanza na kinachobaki kwenye tipu hukigusi, kinakwenda na tipu kwenye taka. Njia hii hutumika kwa vitu vizito kama gliseroli na kwa vinavyotoa povu, yakiwemo mengi yenye protini na vimeng'enya.

Sasa rudi kwenye barua yako. Unanyonya kwa njia ya kinyume kila mara. Unatoa kwa njia ya kinyume pale unapoliacha tone, na kwa njia ya kawaida pale roho inapokusuta. Kichupa ulichokiachia tone kilipata kiasi kinachokaribia 20, na kile ulichokibonyeza tena kilipata 20 pamoja na ziada yote. Ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningesema 0.44 ni kile ulichokibonyeza tena. Ile sheria ya shuleni ya kuacha tone la mwisho ni ya kweli kabisa, ila ni ya pipeti ya kioo, ambayo alama yake imewekwa kwa kuhesabu kwamba tone hilo litabaki.

Hilo peke yake halitoshi kueleza pengo la kutoka 0.27 mpaka 0.44. Sehemu nyingine inatoka kwenye kutumbukiza. Tipu ikizama mpaka chini ya kichupa, kimiminika kinashika ukuta wake wa nje, na ukiihamisha unabeba matone ambayo hakuna aliyeyapima. Kwenye maikrolita 1000 matone hayo hayana uzito mkubwa. Kwenye 20 ni balaa. Milimita mbili au tatu chini ya uso wa kimiminika zinatosha kwa pipeti yako ndogo. Ile kubwa inaweza kuzama zaidi kidogo. Kimiminika kikishuka, nawe shuka nacho. Ukitoka, gusisha tipu kwenye ukuta wa kichupa ili kilichoning'inia kibaki huko, lakini usilifute tundu lake kwa karatasi, maana karatasi hunyonya hata cha ndani.

Na haraka. Najua watu wanasubiri, waache wasubiri. Ndani ya pipeti kimiminika hakigusani na pistoni, kati yao kuna mto wa hewa. Ukiachia kitufe ghafla hewa inatangulia, kimiminika kinaifuata kikiwa nyuma, mara nyingine na mapovu, mara nyingine kikiruka mpaka ndani ya shina la pipeti na kuiharibu. Achia kwa mwendo mmoja, kisha hesabu moja kabla ya kutoa tipu. Pipeti iwe wima wakati wa kunyonya. Wakati wa kutoa ilaze kidogo, ncha ikigusa ukuta wa kichupa.

Kwa sababu ya mto huo huo wa hewa, mtu mwenye tipu mpya hunyonya na kurudisha kimiminika mara mbili tatu kabla ya kipimo halisi, hewa ya ndani ishibe unyevu. Joto nalo linaingilia. Sampuli iliyotoka kwenye barafu huipoza hewa ya ndani, hewa inasinyaa, unanyonya zaidi ya ulichokusudia. Kama itifaki, yaani maelekezo ya jaribio, haikulazimishi kuiweka sampuli kwenye barafu, iache ifikie joto la chumba kwanza. Pia usiikumbatie pipeti kiganjani wakati huna kazi nayo. Mchana wa Dar, ukiwa umetoka juani na daladala, kiganja chako ni jiko dogo. Itundike kwenye stendi yake. Usiilaze mezani ikiwa na kimiminika kwenye tipu, hata kwa sekunde moja.

Mtu anaweza kusema maikrolita mbili tatu ni kitu gani. Fanya hesabu ya kuzimua mara kumi, maikrolita 100 za sampuli ndani ya 900 za maji, kama mtakavyofanya mkifika kwenye kuhesabu bakteria. Tuseme kwa kosa la kituo cha pili unahamisha 120. Kichupa cha kwanza kitakuwa kikali kuliko inavyotakiwa kwa karibu asilimia 18, na kwa macho hutaona kitu. Endelea na kosa hilo hilo mpaka kichupa cha sita: kitakuwa na zaidi ya mara mbili na nusu ya ulichoandika kwenye lebo.

Nikuonye pia kuhusu dirisha la namba, maana mitihani mingi huharibikia hapo kabla hata ya kugusa kimiminika. Jina la pipeti, P20, P200 au P1000, hutaja maikrolita nyingi kabisa inazoweza kupima. Kwenye modeli nyingi zenye tarakimu tatu, 100 kwenye P200 ni maikrolita 100. Kwenye P20, 100 hiyo hiyo ni 10.0, na kwenye P1000 ni 1000. Tarakimu yenye rangi tofauti ndiyo inayokuonyesha uko wapi, kwa hiyo soma kwanza jina juu ya kitufe. Maikrolita 20 zipime kwa P20. P200 nayo inazifikia, lakini ziko kwenye ukingo wake wa chini, ambako kila kosa dogo linakuwa kubwa. Ukipandisha namba, ipite kidogo kisha urudi chini mpaka unapotaka. Usizungushe nje ya mipaka yake. Ukisikia inagoma, simama hapo.

Sasa swali lako la pipeti mbovu, ambalo wengi huliuliza kwa kutafuta mtu wa kumlaumu. Wewe uliza kwa mizani. Weka kikombe kidogo juu ya mizani ya maabara, isawazishe isome sifuri, pima maikrolita 100 za maji yaliyokenekwa, andika uzito, sawazisha tena, rudia mpaka upate namba kumi. Maikrolita moja ya maji ina uzito wa karibu miligramu moja, kwa hiyo huhitaji kikokotoo. Kwa pipeti kubwa, usishtuke maikrolita 1000 zikisoma karibu miligramu 996 kwenye chumba cha nyuzi 25, au karibu 995 kwenye nyuzi 30. Hiyo ni tabia ya maji ya uvuguvugu na hewa inayoyabeba, hujakosea. Kiwango cha kimataifa, ISO 8655, kinairuhusu pipeti ya maikrolita 1000 ikosee kwa 8 tu. Zima feni na usikae chini ya kiyoyozi kinachopuliza mizani, maana namba za mwisho zitacheza zenyewe.

Kisha zitazame zile namba kumi. Zikiwa 97, 97, 98, 97, 96, mkono wako umetulia, na kuna kitu kinachopunguza kila mara kwa kiasi kile kile. Zikiwa 92, 108, 99, 113, bado mbinu inayumba. Ili kuitenga pipeti na mtu, mwombe yule kaka wa meza yenu apime kumi kwa pipeti hiyo hiyo bila kuona zako. Wote mkipata 97, pelekeni pipeti kwa fundi sanifu. Yeye akipata 100 na wewe 97, chombo ni kizima, rudi kwenye hatua zako.

Kuna kipimo kingine cha haraka kisichotaka mizani. Nyonya ujazo wa juu kabisa wa pipeti, ishike wima hewani sekunde 20 bila kugusa kitufe. Tone likijitokeza nchani, hewa inavuja. Mara nyingi ni tipu isiyokaa sawasawa, badilisha ujaribu tena. Ikiendelea na tipu nyingine, huenda sili ya ndani imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi, usiifungue mwenyewe. Tipu huvalishwa kwa kusukuma na kuzungusha kidogo. Wengine huipigilia ndani ya boksi kama wanatwanga kisamvu, na ninaamini pipeti nyingi za wanafunzi zinaharibika kwa kelele hiyo kuliko kwa uzee. Kama chuoni kwenu tipu huoshwa na kutumiwa tena, hilo nalo liangalie: mabaki ya sabuni huvuruga ile rangi ya buluu ya protini hata kama ujazo ni sahihi.

Kuhusu kutetemeka, sikushauri upambane nako. Kaa kwenye kiti, egemeza kiwiko mezani, leta kichupa kwenye usawa wa macho kwa mkono wa pili, na viganja vya mikono yote miwili vigusane kidogo. Mkono ulioegemea hautetemeki sana. Na kunywa chai na kitafunwa asubuhi ya mtihani, maana nawajua nyinyi watoto wa hosteli.

Pipeti usinunue. Ya bei rahisi mtandaoni bila cheti cha urekebishaji itakufundisha kosa lake, na hosteli huna mizani ya kuikamata. Unachokosa ni muda wa kushika iliyopo. Nenda kwa fundi sanifu wa maabara siku ambayo hana kipindi, msalimie vizuri, mwombe nusu saa kwenye meza iliyo wazi, umwambie unataka maji tu na tipu zilizotumika kwa maji, na kwamba utasafisha mwenyewe. Nenda na rangi ya chakula ya dukani, nyekundu na buluu. Wengi wao hukubali, kwa sababu mwanafunzi anayejua kushika pipeti huwapunguzia matengenezo.

Ukiwa hapo, weka nyekundu 30, buluu 45 na maji 25 kwenye kichupa kimoja kikavu. Panga P200 kwenye 100 na unyonye vyote. Kama ulipima sawasawa, tipu itajaa, hakuna hewa nchani na hakuna kinachobaki chini. Ikibaki hewa ulipima pungufu, kikibaki kimiminika ulizidisha. Baada ya hapo dondosha matone ya maikrolita 5 kwa mstari juu ya kipande safi cha nailoni: tone lililo kubwa au dogo kuliko jirani zake utaliona bila mashine yoyote. Fanya kwa njia ya kawaida tu mpaka kidole gumba kikijue kituo cha kwanza bila kufikiri. Ile ya kinyume ijaribu siku nyingine, usizisomee zote kwa mkupuo.

Yule kaka simlaumu sana. Anayejua huachiwa kazi, na wengine mnapumua. Lakini kwenye mtihani hatakuwepo, kwa hiyo muongee mezani kabla ya kipindi kijacho: "Kaka, leo naomba nishike mimi, wewe nisimamie." Akikubali, mgawane kwa kipindi kizima, mmoja ashike mwanzo hadi mwisho. Msigawane kichupa kwa kichupa mkidhani ndiyo haki, kwa sababu vipimo vitatu vya watu watatu vitakuwa na tofauti za mikono mitatu, na hamtajua kipi ni cha sampuli. Mwombe akutazame kidole gumba tu, asitazame kitu kingine.

Na ya kuhama kozi, sitaki kuijibu leo. Mwaka 1957, pale Marburg, Ujerumani, Heinrich Schnitger alipotengeneza pipeti ya kwanza ya aina hii, wataalamu waliobobea walikuwa wakinyonya vimiminika kwa mdomo kupitia mirija ya kioo, na majibu yao yalikuwa yakiyumba vilevile. Fanya kwanza zile kumi za mizani. Kisha niandikie tena: namba zote kumi bila kuchagua nzuri, ujazo uliouweka, aina ya pipeti, joto la chumba, na namba za yule kaka pembeni.

Shangazi